Muhuri wa asili unalinda nini hasa? Jibini, siki, nyama na mvinyo wa Emilia-Romagna

Mwanzisha uzi

Heshima kwenu wanajukwaa. Katika mijadala ya vyakula nimekuwa nikiona watu wakitaja "parmesan" (jibini), "balsamiki" (siki) na "Lambrusco" (mvinyo) kana kwamba ni aina tu za bidhaa, kama vile mtu anavyotaja sukari au mafuta ya alizeti. Nimeishi kwa miaka kadhaa katika mkoa ambako majina hayo yametoka, Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia, na ningependa kueleza kwa nini wenyeji hukasirika majina yao yakitumiwa hovyo, na kwa nini, kwa maoni yangu, hasira hiyo mara nyingine ina haki na mara nyingine haina.

Hoja yangu ni kwamba muhuri wa asili, yaani alama ya kisheria inayoonyesha bidhaa imetoka wapi, huwa na thamani pale unapomkataza mzalishaji mwenyewe kufanya jambo ambalo lingemletea faida ya haraka. Ukiwa unawakataza watu wa nje peke yao, huo ni uzio wa biashara uliopambwa kwa jina la mababu.

Kwanza mahali penyewe. Mwaka 187 kabla ya Kristo konsuli wa Kirumi Marcus Aemilius Lepidus alijenga barabara kutoka Rimini, pwani ya Adriatiki, hadi Piacenza karibu na mto Po, na mpaka leo Bologna, Modena, Reggio Emilia na Parma zimepangwa juu ya barabara hiyo kama shanga zilizotungwa. Kaskazini yake kuna tambarare yenye joto la kunata wakati wa kiangazi na ukungu mzito wakati wa baridi. Kusini kuna vilima vinavyopanda hadi milima ya Apenini. Karibu kila kitu nitakachokitaja kimezaliwa na tofauti hiyo ya pande mbili za barabara.

Sheria yenyewe si ngumu. Umoja wa Ulaya uliweka mfumo wa pamoja wa vyakula mwaka 1992. Muhuri wa DOP unadai kwamba bidhaa izalishwe, isindikwe na kutayarishwa katika eneo lililotajwa, ilhali IGP inaridhika na hatua moja tu kufanyika humo. Kwa upande wa mvinyo, Italia ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1963, yenye ngazi ya DOC na juu yake DOCG. Emilia-Romagna ina zaidi ya vyakula arobaini vyenye DOP au IGP, na hakuna mkoa mwingine wa Italia unaoifikia. Sitavitaja vyote.

Parmigiano Reggiano, jibini ambalo wengi huliita parmesan, hutengenezwa katika wilaya za Parma, Reggio Emilia na Modena, sehemu ya Bologna iliyo magharibi ya mto Reno, na kipande cha Mantova kilicho kusini ya Po, ambacho kwa kweli ni cha mkoa wa Lombardia. Maziwa ya jioni humiminwa katika mabeseni mapana yenye kina kifupi na kuachwa usiku kucha ili malai ipande juu. Alfajiri malai huenguliwa, na maziwa yaliyobaki huchanganywa na maziwa ya asubuhi, yote yakiwa mabichi, ndani ya masufuria ya shaba yenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Huongezwa maji ya jibini ya jana yaliyochachuka, pamoja na kimeng'enya cha kugandishia maziwa kitokacho katika tumbo la ndama. Maziwa yakishaganda, fundi huyavunja kwa chombo cha nyaya kiitwacho spino hadi vipande viwe vidogo kama punje za nafaka, kisha moto hupandishwa hadi nyuzi 55. Kila sufuria hutoa magurudumu mawili ambayo wenyewe huyaita mapacha. Gurudumu moja hula takriban lita 550 za maziwa, hukaa ndani ya maji ya chumvi kwa karibu wiki tatu, na baadaye huwa na uzito wa kilo 40 hivi.

Sasa tazameni makatazo. Ng'ombe haruhusiwi kulishwa saileji, yaani majani yaliyovundikwa, kwa sababu bakteria waliomo humo hupenya hadi kwenye maziwa na, miezi mingi baadaye, hutoa gesi inayolivimbisha jibini na kulipasua. Mfugaji mwingine yeyote angechagua saileji kwa kuwa ni rahisi kuihifadhi na haihitaji siku nyingi za jua. Huyu analazimika kukausha nyasi, hata katika mwaka wa mvua nyingi. Jirani yake Grana Padano, ambaye naye ana DOP, anaruhusu saileji na kutia lisozimu ya mayai ili kuwazuia bakteria hao. Grana Padano ni jibini zuri, nami hulinunua, lakini tofauti ya bei kati ya majibini hayo mawili imelala kwa sehemu kubwa ndani ya katazo hilo. Juu ya hayo kuna muda: hakuna gurudumu linalopata jina kabla ya miezi 12, na mengi huachwa miezi 24 au zaidi.

Muda huo ni mzigo wa fedha. Mkulima anataka malipo ya maziwa mwezi huu, na jibini litauzwa miaka miwili baadaye. Ndiyo maana benki ya Credito Emiliano imekuwa, tangu mwaka 1953, ikikopesha kwa dhamana ya jibini lenyewe, ambalo hutunzwa katika maghala ya kampuni yake tanzu na kugeuzwa, kusuguliwa na kukaguliwa humo kama vile ambavyo mwenyewe angefanya. Mgeni akiambiwa jambo hili hudhani ni utani. Lakini benki hainusi wala haionji mila. Imekubali dhamana hiyo kwa sababu kanuni za jibini zinafahamika, kila gurudumu lina namba, na thamani yake hupanda kadiri linavyokaa.

Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini hayamwagwi. Kwa desturi ya huko hulishwa nguruwe, na mapaja ya nguruwe hao huwa Prosciutto di Parma, nyama iliyokaushwa kwa chumvi ya bahari bila nitreti wala dawa nyingine. Mahali pa kukaushia pamewekewa mipaka ya ajabu: ni katika vilima vya Parma, angalau kilomita 5 kusini ya ile barabara ya Kirumi, si juu ya mita 900, kati ya mto Enza na kijito cha Stirone. Madirisha marefu hufunguliwa na kufungwa kulingana na upepo. Mkaguzi hudunga paja kwa sindano ya mfupa wa farasi, ambayo hunyonya harufu na kuiachia upesi, akainusa, kisha paja lililofaulu hupigwa chapa ya moto ya taji lenye ncha tano. Nguruwe wenyewe, hata hivyo, wanaruhusiwa kutoka katika mikoa kumi ya kaskazini na kati ya Italia. Kumbe hata DOP inaweza kuwa na tumbo kubwa.

Nitaendelea na siki na mvinyo nikipata nafasi, lakini nawakaribisha muulize.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani kwa maelezo, ndugu. Kwetu sisi Waislamu nyama ya nguruwe na mvinyo havituhusu, lakini jibini na siki tunavikuta katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Ningependa kufahamu: hiyo siki inatokana na mvinyo au la? Na hicho kimeng'enya cha ndama, je, kuna Parmigiano inayotengenezwa kwa kimeng'enya cha mimea?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na nitajibu upande wa utengenezaji tu, kwa kuwa hukumu ya kisheria ina wenyewe.

Kimeng'enya cha mimea hakiruhusiwi. Kanuni zinataka cha ndama, na jibini lililotengenezwa kwa njia nyingine haliwezi kubeba jina hilo, hata likiwa limetoka katika kiwanda kilekile.

Kuhusu siki, lazima kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo majina yao yanafanana kupita kiasi. Kipo Aceto Balsamico Tradizionale, chenye DOP, cha Modena na kingine cha Reggio Emilia. Hiki hakianzi na mvinyo. Juisi ya zabibu, hasa za Trebbiano na Lambrusco, huchemshwa polepole katika sufuria lisilofunikwa mpaka ikolee na kuwa nyeusi, kisha huachwa ichachuke na kugeuka siki. Huchachuka, naam, na hatua ya kileo hupitiwa kabla ya usiki, lakini hakuna mvinyo unaomiminwa ndani.

Kinachofuata ndicho kinachonivutia kuliko chochote katika mkoa ule. Siki hiyo huwekwa katika mfululizo wa mapipa uitwao batteria, ambayo kila moja ni dogo kuliko lililotangulia, na mara nyingi ni ya miti tofauti: mwaloni, chestinati, mcheri, mforosadi, mjuniperi. Mapipa hukaa darini, chini ya vigae, ambako kiangazi ni tanuri na majira ya baridi ni barafu, kwa sababu siki inahitaji mateso yote mawili: joto huifanya ichachuke na kukauka, baridi huituliza. Kila mwaka huchotwa kiasi kidogo kutoka katika pipa dogo kabisa, pengo hilo hujazwa kutoka katika pipa linalofuata kwa ukubwa, na kuendelea hivyo hadi pipa kubwa, ambalo hupokea juisi mpya iliyochemshwa. Kwa hiyo chupa ya siki haina mwaka mmoja. Ina mchanganyiko wa miaka mingi, na tone la babu linaweza kuwa limo ndani yake. Familia nyingi zilikuwa na desturi ya kuanzisha mapipa binti anapozaliwa, yawe sehemu ya mali atakayoondoka nayo akiolewa.

Haiuzwi kabla ya miaka 12, na ile iitwayo extravecchio hungoja miaka 25. Waonjaji huipima kwanza, kisha ya Modena hutiwa katika chupa ya mililita 100 yenye umbo moja kwa wote, iliyobuniwa na Giorgetto Giugiaro, yule yule aliyebuni gari la kwanza la Volkswagen Golf.

Hiyo siyo unayoikuta dukani kwa bei ya chupa chache za soda. Ile ni Aceto Balsamico di Modena, yenye IGP tangu mwaka 2009, na hiyo ndiyo yenye siki ya mvinyo ndani yake, pamoja na juisi iliyokolezwa. Inaruhusiwa kutiwa rangi ya karameli kidogo, na muda wake wa chini ni siku 60. Siku 60 dhidi ya miaka 12, na majina yanatofautiana kwa neno moja! Hapa mimi siwezi kuwatetea watu wa Modena. Waliokuwa wakilalamika kwamba dunia inawachanganya walaji ndio waliochagua majina yanayochanganya, na faida ya jina la siki ya darini inakwenda kwenye viwanda vya siki ya saladi. Mwaka 2019 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kinacholindwa ni jina zima la Aceto Balsamico di Modena, na si maneno "aceto" na "balsamico" yakisimama peke yake, kwa kuwa hayo ni maneno ya kawaida. Nadhani ulikuwa uamuzi wa haki.

Mchangiaji wa pili

Mimi naona mkuu unaupamba sana mfumo huu. Wazungu wanalinda majina yao huku wakitaka sisi tufungue masoko. Tena nimesoma kwamba kazi ya kukamua huko inafanywa na wahamiaji. Iko wapi basi hiyo mila ya mababu?

Mwanzisha uzi

Kuhusu wahamiaji umesema kweli, na sioni kwamba inavunja hoja yangu. Katika mazizi ya Reggio Emilia na Mantova wakamuaji wengi wametoka Punjab, nchini India, na mji mdogo wa Novellara una hekalu kubwa la Masingasinga lililofunguliwa mwaka 2000. Vijana wenyeji, Waitalia, waliondoka mashambani kwa sababu ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku na ng'ombe hajui Krismasi. Kama mila ingekuwa damu, Parmigiano ingekuwa imekwisha. Kwa kuwa mila ni kanuni, yaani nyasi kavu, maziwa mabichi, shaba na subira, anayezifuata ndiye anayeiendeleza, na Mpunjabi anayekamua saa kumi alfajiri katika ukungu anaifahamu kuliko mwandishi wa matangazo aliyeko Milano.

Kuhusu masoko, uzio upo. Mwaka 2008 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba neno "Parmesan" linaamsha picha ya Parmigiano Reggiano, hivyo ndani ya Ulaya haliwezi kutumiwa kwa jibini jingine. Ukivuka hadi Marekani, neno hilo ni jina la kawaida na kila kiwanda kinalitumia. Nchini Kanada mambo yalikuwa kinyume kabisa: kampuni moja ya huko ilikuwa imesajili jina la Parma kama alama yake ya biashara, na kwa miaka mingi nyama ya Parma yenyewe haikuruhusiwa kuuzwa huko kwa jina la Parma, mpaka mkataba wa biashara kati ya Kanada na Ulaya ulipoanza kutumika mwaka 2017. Fikiria mtu anazuiwa kuitwa kwa jina la mji aliozaliwa.

Mfano unaonikera mimi zaidi ni piadina, mkate bapa wa Romagna, yaani sehemu ya mashariki ya mkoa, unaookwa juu ya kikaango, ambao mtu wa kwetu akiuona ataita chapati bila kufikiri: unga, maji, chumvi, na mafuta ya nguruwe au ya zeituni. Upande wa Rimini huwa mwembamba na mpana, kwingine mnene zaidi. Ulipata IGP mwaka 2014. Kampuni moja ya Modena, ambayo haimo katika Romagna, ilipinga na kushindwa mwaka 2018. Lakini kanuni zilizoandikwa zinakiruhusu kiwanda kilicho ndani ya mpaka kutengeneza piadina za kufungwa katika plastiki na kuziita kwa jina lile lile la mkate wa mama aliyesimama kibandani pwani akiukanda mbele yako. Katazo limemwangukia jirani peke yake, wala kiwanda cha ndani hakikukatazwa jambo linaloonekana. Huo ndio uzio niliousema.

Mchangiaji wa tatu

Umeahidi mvinyo, ndugu, na umeukwepa. Pia ningependa kusikia maoni yako kuhusu zabibu za Dodoma na karafuu za Zanzibar, kama njia hii ingetufaa.

Mwanzisha uzi

Sijaukwepa, nilikuwa nauweka mwisho kwa sababu mvinyo wa mkoa huu ni mtumishi wa chakula chake. Lambrusco ni mvinyo mwekundu wenye povu, mwepesi na mchachu, na si aina moja ya zabibu bali ukoo mzima. DOC tatu za Modena zilipatikana mwaka 1970: Sorbara, Grasparossa di Castelvetro na Salamino di Santa Croce. Ile ya Sorbara ina maua ambayo chavua yake haifanyi kazi, hivyo mkulima hulazimika kupanda Salamino kando yake ili izae. Hata ikisaidiwa, mashada hubaki na mapengo. Katika miaka ya 1970 na 1980 Lambrusco tamu ilimwagika Marekani kwa wingi na bei rahisi, na jina hilo likawa dhihaka miongoni mwa wajuzi kwa muda mrefu. Ukiinywa kavu pamoja na chakula cha Modena, ambacho ni mafuta juu ya mafuta, utaelewa kwamba uchachu na povu vimewekwa pale kusafisha ulimi.

Upande wa Romagna kuna Albana, mvinyo mweupe wa kwanza wa Italia kupewa DOCG, mwaka 1987. Wengi walishangaa, kwa sababu wakati huo ilikuwepo mivinyo meupe iliyoheshimiwa zaidi. Albana tamu, inayotokana na zabibu zilizoachwa zikauke, ni nzuri kweli. Hiyo nyingine mimi huinywa bila kuikumbuka.

Kuhusu kwetu: Zanzibar iliingiza viashiria vya kijiografia katika sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008, na Afrika Kusini ilipata ulinzi wa Ulaya kwa chai ya rooibos mwaka 2021, kwa hiyo mlango upo. Lakini mimi ningeuliza swali la Parma kabla ya kuuliza la Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Je, wakulima wa karafuu wa Pemba wako tayari kukubaliana kwamba karafuu iliyochanganywa na makonyo haitaitwa ya Zanzibar, wala iliyoanikwa juu ya lami badala ya jamvi, na kwamba atakayeikataa ni mkaguzi waliyemchagua wenyewe? Kwa Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mtu wa Emilia hawezi kulifanya hata akiomba, ni katazo gani litakaloandikwa? Labda aina ya zabibu, labda kutouza mvinyo uliotengenezwa kwa juisi iliyoletwa kutoka nje kwa jina la Dodoma. Sina jibu lililokamilika, na wakulima wa zabibu waliomo humu wana haki ya kunisahihisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, umetaja mkaguzi. Gurudumu likikutwa na kasoro baada ya kungojewa mwaka mzima, hufanywaje? Hutupwa?

Mwanzisha uzi

Halitupwi. Likifikisha miezi 12, fundi hulipiga kwa nyundo ndogo pande zote huku akitega sikio. Sauti ikiwa moja, jibini ni zima. Ikibadilika na kuwa ya uwazi, kuna tundu au ufa ndani. Kumbukeni kwamba jina la Parmigiano Reggiano huchorwa kwa vitone kuzunguka ganda lote siku lile gurudumu linapozaliwa, likiwa bado laini, pamoja na namba ya kiwanda, mwezi na mwaka. Likifaulu, huongezewa chapa ya moto. Likiwa na kasoro ndogo, huchongwa mistari kuzunguka ganda, ili mnunuzi ajue kwamba ni la daraja la pili na halifai kungojewa zaidi. Na likishindwa kabisa, fundi huchukua chombo cha kukwangulia na kuondoa vile vitone vyote, mpaka ganda libaki jeupe na tupu. Jibini lenyewe bado linalika, nalo huuzwa na watu hulila, lakini mwenye kiwanda aliyelihudumia mwaka mzima haruhusiwi tena kumwambia mtu yeyote jina lake.